Galaksi Mbili Zilizopelekwa Ukweni

Kaka yangu alikuwa mtu mzima, mwalimu wa fizikia wa sekondari, ana mshahara na baiskeli yake, lakini jua likizama tu alikuwa anapanda majabali ya Igogo kama mbuzi aliyekimbia zizi. Nasema hivyo kwa mapenzi. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango akirudi, suruali imechanika gotini, uso unang'aa, na kabla hajavua viatu ameshaanza kuniambia leo kaona hiki na kile. Mimi namwambia ugali wake uko chini ya sufuria na umeshakuwa jiwe.

Alikuwa na darubini. Iliachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya, aliyemaliza muda wake akashindwa kuipakia kwenye ndege. Ilikuwa bomba refu la bati lililopakwa rangi nyeupe, limesimama juu ya miguu mitatu, mmoja wa kwake tangu kiwandani na miwili ya seremala wa Nyakato. Shuleni hakuna aliyeitaka. Kaka akaileta nyumbani ikawa inalala uvunguni mwa kitanda chake, imefunikwa shuka safi kuliko lile alilolalia yeye.

Kwa bomba hilo alinionyesha mengi, nami nikapenda machache. Mwezi niliupenda. Ile sayari yenye pete niliipenda mpaka nikaomba nirudie. Lakini moyo wa kaka ulikuwa kwenye vitu viwili ambavyo, nakuapia, hata mtu akushike kichwa akuelekeze huvioni. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hivi, giza likishaingia tu, kundi la nyota liitwalo Simba linakuwa juu ya vichwa vyetu. Mapajani mwa huyo Simba ndimo vilimokuwa. Niliweka jicho nikaona giza. Nikalifuta jicho, nikaona giza.

"Usizitazame moja kwa moja," kaka akasema. "Tazama kando kidogo, kana kwamba huna haja nazo. Zitakuja zenyewe."

Nikatazama kando, na kweli zikaja. Madoa mawili membamba ya ukungu, yamelala karibu karibu, kama mtu amepumulia kioo mara mbili. Kaka alikuwa amebana pumzi ananisubiri. Akaniambia hizo ni galaksi, mbili, ziko pamoja, kila moja ina nyota zisizohesabika nazo zimejiviringa kama ngata ya kubebea ndoo, na kwamba mwanga ninaouona uliondoka huko kabla dunia haijawa na mtu hata mmoja. Nikamwambia mwanga uliopewa muda wote huo ungejitahidi kufika na nguvu kidogo. Akacheka mpaka akakalia jabali. Ndivyo tulivyokuwa sisi wawili, yeye anastaajabu na mimi namkejeli, na tulipendana hivyo hivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo naye akapenda. Alimpenda binti wa Kisukuma kutoka Kisesa, aliyekuwa akikata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Miaka hiyo ruhusa ilikuwa imetoka, kila mwenye mtaji anafungua anachotaka, na viwanda vya sangara vikaota ukingoni mwa ziwa mfululizo. Jioni ungewaona wasichana wanatoka kazini na mabuti meupe ya mpira mkononi. Huyu wetu aliishi Igogo kwa shangazi yake, jirani kabisa na kwetu. Alikuwa mcheshi, ana sauti nzito isiyolingana na umbo lake, na haogopi kitu. Mimi nilimpenda kabla ya kaka, na nilikuwa namwita wifi siku nyingi kabla hajawa.

Posa ikapelekwa Kisesa na mshenga, mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye mdomo wa kuweza kuuza maji ziwani. Baba wa binti alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache. Akauliza ukoo wetu, akauliza kazi, akaridhika.

Kisha koti likatuponza. Mitumba ilikuwa imefurika sokoni, nguo za kila baridi ya dunia, na kaka alikuwa amejinunulia koti jeusi la sufu linalofika chini ya magoti, kwa ajili ya upepo wa kule juu. Ongeza na tochi aliyoifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe unayaharibia macho giza yalilokwisha kulizoea. Sasa jifanye wewe ni jirani. Umeme umekatika, umetoka kwenda chooni, unainua macho, na juu ya jabali unaona mtu wa joho jeusi ameinamia kitu cheupe, taa nyekundu mkononi. Utasema anasoma fizikia? Tena sisi asili yetu ni Ukerewe, na watu wa visiwani tumesingiziwa mengi tangu zamani. Haukupita muda habari ikafika Kisesa, kabla ng'ombe wetu hata mmoja hajafika: yule mwalimu anawanga.

Kule kwetu hilo si neno la kuchekea. Watu wamefukuzwa vijijini kwa neno hilo, na wengine yamewapata makubwa kuliko kufukuzwa. Mzee wa Kisesa hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alimwita mshenga akamtuma hivi: "Simkatai mtu kwa maneno ya barabarani. Ila binti yangu simpi mtu anayetoka usiku na sijui anafuata nini. Anachokifuata akilete hapa kwangu nikione kwa macho yangu. Nikikiona, tutaendelea. Nisipokiona, basi." Akatupa muda mpaka pamba yake iishe kuuzwa.

Kumleta yeye jabalini haikuwezekana. Mzazi wa binti hatii mguu kwa mposaji kabla mambo hayajaisha, na goti lake lilikuwa bovu. Kupeleka darubini Kisesa mchana ni kupeleka bomba tupu. Kwenda nayo usiku, nyumbani kwa mtu anayekushuku uchawi, hapo hata mshenga alisema tutafute mshenga mwingine.

"Basi zipigwe picha, apelekewe," nikasema mimi. Nilisema kwa hasira tu, kuyamaliza mazungumzo. Kaka akanitazama, na nikajua nimejitafutia kazi.

Maana tulikuwa na studio. Aliianzisha marehemu baba, mjini, chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na nyuma yake chumba cha giza. Baba alipofariki tukaendelea mimi na mama. Mimi nilipiga na kusafisha, nyeusi na nyeupe tu, na mama akamalizia. Kazi ya mama ilikuwa hivi: picha ikishakauka haikosi vidoa vyeupe, vumbi lililokaa kwenye mkanda likazuia mwanga. Mama alikaa dirishani na brashi yenye nywele chache na kisahani cha wino, akaviziba kimoja kimoja mpaka usijue palikuwa na kitu. Aliondoa na chunusi za maharusi, na makovu, na wazee aliowaonea huruma aliwapunguzia mikunjo. Mji mzima ulijua picha ya kwetu haina doa. Lakini sasa mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta mashine ya picha za rangi, unaacha mkanda unakwenda sokoni, ukirudi picha ziko tayari, na sisi tukabakiwa na za pasipoti. Mama hakulalamika. Alisema tu zile za rangi zina vumbi na hakuna anayejali.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa studio. Kilikuwa kaka. Wenzake wa rika walishakuwa na watoto wa kutuma dukani, na yeye ndiyo kwanza amempata mtu, tena mtu ambaye mama mwenyewe alimwona akasema huyu. Siku mshenga alipoleta ujumbe wa Kisesa, mama aliingia jikoni akakaa na mwiko mkononi, mafiga hayana moto.

Kitu hafifu vile hakipigwi kama unavyompiga bwana harusi. Unaiacha lenzi wazi dakika nyingi, mwanga ujikusanye kidogo kidogo, kama ndoo chini ya bomba linalodondosha. Shida ni kwamba dunia haitulii, inazunguka, na kwenye picha nyota zinageuka mistari. Dawa yake kaka aliijua. Alimwendea yule seremala wa Nyakato akamtengenezea mbao mbili zilizoshikana kwa bawaba upande mmoja, zinafunguka na kufunga kama kitabu, na parafujo ndefu inayotoka ubao wa chini kuusukuma wa juu. Kamera inakaa juu. Ukiizungusha parafujo taratibu kwa mwendo uleule, ubao unainuka na kuzifuata nyota. Bawaba lazima ielekee kusini kamili, na kwa sisi wa karibu na ikweta inalala chini kabisa. Seremala aliuliza huo ni mtego wa nini. Lenzi tulitumia ya baba, ile ndefu aliyopigia mechi uwanjani.

Sasa kuzungusha kunataka mtu wa kuhesabu. Nilijitolea, nikashindwa, maana mimi nikihesabu naanza kuongea. Wifi akasema atahesabu yeye. Kazini anashindana na mashine kutwa, mwendo umo mwilini. Tukamkatalia. Binti anayeposwa, usiku, jabalini, na mposaji mwenyewe? Kisesa wakisikia, hata galaksi kumi hazitatuokoa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Anayetafutwa hapo ni mume wangu," akasema. "Mnataka nikae ndani nifume vitambaa?"

Shangazi yake akamruhusu kwa masharti mawili: mimi nikae katikati yao, na jambo lenyewe lisishuke kutoka jabalini. Tukaapa wote wanne.

Tulihitaji usiku usio na mwezi. Usiku usio na mwezi ndio wa dagaa, na ziwa lote huwaka karabai za wavuvi, ungedhani mji mwingine umehamia majini. Hilo halikutudhuru, maana karabai ziko chini na Simba yuko juu. Kilichotudhuru ni ndege za minofu. Mara ya kwanza kila kitu kilikaa sawa, giza limeingia, mgao wa umeme uko upande wetu na mtaa ni mweusi tii, wifi anahesabu, kaka anazungusha. Ndege ya mizigo ikapaa kutoka uwanjani na taa zake zote, ikapita katikati ya Simba. Wifi hakuacha kuhesabu. Alisema tu, kati ya namba na namba, "Minofu yangu hiyo, inakwenda Ulaya." Kaka akacheka akapoteza mzunguko, tukaanza upya.

Mara ya pili ilikwenda. Nilikuwa nimeshika kipande cha boksi cha kuziba lenzi likitokea lolote, nimekaa katikati yao kama nilivyoapa, baridi ya jabali inanipanda mgongoni. Wifi akihesabu, akifika anasema "haya", kaka anazungusha robo anaacha. "Haya." Robo. Chini kule mbwa wanabweka, mtu anamwita mtoto wake akalale. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza muda mrefu bila kuambiwa, na nilipenda.

Mkanda nilisafisha mwenyewe. Kwenye mkanda kila kitu ni kinyume, nyota ni nyeusi na mbingu ni nyeupe, nami nikauinua kwenye taa nikaona nyota tatu kubwa, ndogo zisizo na idadi, na katikati ya zile tatu vipo viwili, virefu kidogo, kimoja kimelala upande. Nikamwita kaka. Akavitazama kwa kioo cha kukuzia, machozi yakamtoka, mwalimu wa fizikia mzima. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Nikamcheka ili asinione na mimi nalia.

Jioni ya kuamkia safari umeme ukarudi, nikaikuza ile picha kwenye karatasi kubwa ya kung'aa tuliyowatunzia maharusi. Ikatoka vizuri, nyota zimetapakaa kama unga uliomwagika, na zile mbili mahali pake. Nikaileta nyumbani nikaitundika ikauke. Nikamwomba mama aje aifunge kwenye kitenge, nikaenda kulala, na sikuwa nimefika kitandani umeme ukakatika tena.

Asubuhi nikaikuta imeshafungwa, kitenge kipya, utepe juu. Macho ya mama yalikuwa mekundu, nikadhani ni wasiwasi. Akatuombea pale mlangoni, tukaondoka mimi, kaka na mshenga, nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa pamba aliyekuwa anaelekea Magu.

Kisesa walitupokea vizuri. Alikuwepo mzee mwenyewe, mdogo wake wa kiume, na yule shangazi wa Igogo aliyetangulia na binti tangu juzi yake. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, mshenga akaongeza na mwangaluka yake ya Kisukuma kibovu ili apendwe. Kwa desturi mposaji haongei, mshenga ndiye mdomo wake, kwa hiyo kaka akakaa kwenye kigoda akaanza kuangalia vidole vyake.

Mshenga alizunguka sana. Akaanza na mvua, akapitia pamba, akasifu elimu, mwishowe akasema kile mzee alichotaka kukiona kimefika. Nikafungua utepe. Mzee akaipokea picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nyota tatu," akasema.

Mshenga hakuwahi kuiona ile picha hata siku moja. Akaitikia, "Ndiyo, mzee. Tatu, tena kubwa."

"Nyota tatu hata mimi ninazo, juu ya zizi langu pale. Mtu ataacha kulala kwa ajili ya nyota tatu?"

Nikainuka nikachungulia begani kwake. Jamani. Karatasi ilikuwa nyeusi, laini, haina hata punje, na nyota tatu nzuri za mviringo. Zile ndogo zote zimeondoka. Galaksi zimeondoka. Kaka alinitazama. Nikaomba picha, nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, na juu ya ule mng'ao nikaona vialama vilivyofifia, mamia kwa mamia, kila kimoja mguso mmoja wa brashi. Mkono ule ningeutambua popote. Mama alikuwa amekesha na kibatari akiziba nyota moja moja. Zile tatu aliziacha kwa kuwa zilikuwa na umbo la nyota. Nyingine zote zilikuwa vumbi. Na zile mbili za katikati alizichukulia kuwa alama za vidole vya bintiye asiye makini, akazipaka wino mara mbili.

Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia mama, nilijikasirikia kwa kulala, nilimkasirikia hata mshenga na nyota zake kubwa.

Binti akaingia na beseni la maji ya kunawa, akapiga goti mbele ya baba yake. Mimi nikiwa na hasira huwa sifikiri mara mbili. Nilichovya pembe ya kanga yangu kwenye beseni nikaanza kufuta picha. Wino wa mama ulikuwa wa maji, nilijua utatoka, na ukatoka. Nyota zikatokea, hapa moja, pale tano, kanga inazidi kuwa nyeusi. Nikafika katikati nikasugua polepole, na zile mbili zikaja. Nikawageuzia picha kwa majivuno kabisa.

Baba mdogo wa binti akakirudisha kigoda chake nyuma. "Mmeona wenyewe," akasema. "Karatasi ilikuwa tupu. Ameipaka maji, vitu vimetokea."

Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Tulikuja kukanusha uchawi, na mimi nimecheza mazingaombwe katikati ya sebule ya ukweni. Nikajaribu kueleza, mama, brashi, vumbi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, kwa sababu mama gani anafuta nyota? Mshenga akajaribu kurudi kwenye mvua na pamba.

Mzee akaiweka picha chini. "Niliomba nikione kitu," akasema. "Nilichokiona sikielewi. Basi."

Kaka akainamisha kichwa. Mimi nilitaka kulia.

"Baba," binti akasema. Alikuwa bado amepiga goti, beseni mikononi. "Ni zenyewe hizo. Nimeziona."

Shangazi akageuka akaanza kuangalia mbuzi waliokuwa nje.

"Umeziona wapi?"

"Jabalini. Picha hii ilipopigwa nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, yeye akizungusha."

Amemwambia baba yake, mbele ya wageni, kwamba alikuwa gizani na mwanamume asiye mume wake. Na alijua anachokisema. Sauti yake ilikuwa ileile nzito, imetulia, lakini maji ya beseni yalikuwa yanacheza.

Mzee hakumtazama. Alifanya jambo ambalo desturi hairuhusu: akamruka mshenga, akamuuliza kaka mwenyewe.

"Wewe, mwalimu. Binti yangu alipokuwa anahesabu, ulikuwa unatazama nini?"

Mtu mwingine angejibu vizuri. Angesema nilikuwa natazama mbingu, mzee, kazi ya Mungu. Kaka yangu hajui kusema kitu kisichokuwepo.

"Parafujo," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa natazama parafujo, mzee. Ukiiacha kidogo tu, nyota zinaharibika."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Mzee akamgeukia binti yake. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba," akasema, na kinyongo nilikisikia. "Hakunitazama hata mara moja."

Alianza shangazi. Alijiziba mdomo kwa kanga lakini mabega yakamsaliti. Akafuata baba mdogo. Mzee alijizuia, akaangalia dari, akakohoa, mwisho akashindwa, akacheka mpaka akalishika lile goti lake bovu.

"Mtu amekaa gizani na msichana kama huyu," akasema akijifuta macho, "akatazama parafujo. Huyu hawezi kuwa mchawi. Mchawi ana akili."

Akaiokota picha, akaikung'uta, akamwambia binti aje amwoneshe ipi ni ipi. Binti akaweka beseni chini akamwonesha kwa kidole kimoja, na mzee akaangalia muda mrefu, pua karibu iguse karatasi. Akauliza kama zinajuana. Kaka akasema ndiyo, ziko pamoja, tena zinavutana. Mzee akasema picha hiyo haitoki humo ndani, na sisi tunawe tule.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa nayo mazuri, nimeyapanga, mengine nikayarudia kwa sauti na mshenga akacheka. Tulifika jioni. Mama alikuwa amekaa kizingitini, jiko halijawashwa, hajala tangu asubuhi.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, mama," kaka akasema.

Akalia, kile kilio cha watu wazima kisicho na sauti, na sisi tukasimama tu pembeni yake hatujui tushike wapi. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Na picha? Walisemaje picha?"

Nikafungua mdomo. Kaka akaniwahi. "Wameipenda, mama. Wamekataa kuirudisha."

"Nilijua," mama akasema. Akanigeukia mimi. "Ilikuwa na vumbi, mwanangu, sijapata kuona. Na vidole vyako viwili hapo katikati. Nilikesha nayo. Nikasema, studio haina kitu tena. Baba yenu hayupo. Huyu mtoto anakwenda ukweni mikono mitupu, na mimi cha kumpa nina huu mkono wangu tu."

Maneno yangu yote niliyotoka nayo Kisesa, sikuyaona yalikokwenda. Nikaikunja kanga yangu upande wenye wino asije akauona, nikakaa naye kizingitini.

"Asante, mama," nikasema.